Vibati vya Shingoni

Wiki iliyopita nilikuwa kibandani kwa Mama Brayo, hapa Njiru, nikinywa chai pamoja na vijana wa mjengo waliokuwa wakingoja lori la mchanga. Ubishi ukazuka kuhusu jina Kariokor. Mmoja akasema ni neno la Kijaluo. Mwingine akasema hapana, ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka pale zamani. Wa tatu akaufunga ubishi: Kariokor maana yake ni nyama choma. Wakacheka, wakagongana ngumi. Nikakibwaga kikombe mezani, chai ikamwagika, nao wakanitazama kama mzee aliyepandwa na mashetani.

Sikuwajibu siku hiyo. Hasira ikinijaa kifuani maneno hunikwama. Nawajibu leo, nyinyi na wenzenu wote mnaoshika sururu katika mji huu, kwa sababu mnachimba kila siku na hamjui mnachimba nini.

Mimi ni Wekesa. Nilikuja Nairobi kutoka Bungoma nikiwa kijana wa mashavu, nikachimba mitaro ya maji, mitaro ya maji taka, na misingi ya nyumba, Eastlands yote, mpaka mgongo ukakataa. Mwisho nilikuwa nyapara, yaani yule anayesimama juu ya mtaro akitukanwa na walio chini na walio ofisini. Msidhani kuchimba ni kuinua sururu na kuishusha. Aliyenifundisha kazi, mzee mmoja wa Siaya aliyeitwa Odongo, alininyima sururu kwa muda mrefu. Alinipa mtaimbo, akaniambia nidunge chini nisikilize. Udongo mweusi unameza mtaimbo bila sauti, kama mtu anayemeza ugali. Mwamba unalia na kukurudishia pigo mpaka kwapani. Bomba la maji linajibu kama kengele iliyofunikwa blanketi, na ukilisikia hivyo ukaendelea kupiga, mtaa mzima utakosa maji na akina mama watakuja na ndoo zao kukuuliza jina la kijiji chenu.

Halafu kuna udongo uliowahi kuchimbwa. Huo unaingilika upesi, una majivu, una vigae vya sahani, rangi yake imechanganyika. Hata ukishindiliwa miaka mia, haushikani tena kama ule ambao Mungu aliuweka mwenyewe. Odongo alikuwa akiuponda kwa vidole, akinusa, kisha anasema hapa palikuwa choo, au hapa palikuwa jiko, tena mara nyingi alisema kweli.

Alikuwa na amri moja asiyoibadilisha: chuma kilichozibwa pande zote usikigonge. Tulikuwa tukichimba msingi wa fleti kule mtaa wa Fedha, tukakuta kitu cha mfano wa papai, kimeliwa na kutu, na nyuma kina mkia wa mapezi. Odongo akatuambia tuweke vyombo chini taratibu, tuondoke. Taratibu gani? Tulikimbia mpaka ng'ambo ya barabara. Kufika huko tukagundua mwenzetu mmoja hayupo. Alikuwa amelala ndani ya wilbaro karibu kabisa na lile shimo, ameshiba githeri. Hakuna aliyetaka kurudi kumwamsha. Tulimtupia mabonge ya udongo kutoka mbali hadi moja likampata sikioni, akainuka na kututukana mama zetu mmoja mmoja. Wanajeshi walikuja, wakakichukua kwa uangalifu, wakakilipua uwanjani. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Yule ndugu hakulala kazini tena.

Basi nililijua hilo, kwamba chuma cha vita ni cha kukimbiwa. Vyuma vingine tulivyokuta tulivicheka. Kofia ya askari tuliyoitoa ardhini Makadara ilichukuliwa na mama muuza uji, akawawekea kuku wake maji. Kwa maganda ya risasi watu walitengeneza vibiriti vya mafuta. Nami nilicheka pamoja nao. Sikujua kuna siku chuma kingenifanya nitake kumshika mtu shingo.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Tulipewa kazi ya msingi wa ghala, upande wa Gikomba unaotazamana na Kariokor, nyuma ya maseremala. Mkandarasi alikuwa na msimamizi wake pale, kijana wa mjini mwenye hasira za karibu. Vibarua walimwita Stima, kwa kuwa ukimgusa tu anashtua. Sina jina lingine la kumpa na sitaki kumtafutia.

Siku ya tatu au ya nne hivi, mtaimbo wa Mutua ukatoa sauti nisiyoijua. Mutua alikuwa mchimbaji wangu wa kutegemewa, Mkamba wa Machakos, mtu mpole mwenye mikono kama sepetu. Aliacha kudunga, akanitazama. Nilishuka mtaroni. Udongo pale ulikuwa wa kuchimbwa, mwepesi, wenye majivu mengi. Tukafukua kwa mikono. Kwanza zikatoka sahani za bati zilizobonyea, moja juu ya nyingine. Ikatoka bizimu ya mkanda, kisha maganda ya risasi. Halafu likatoka debe kuukuu lililooza ubavu mmoja, na pale lilipooza vikamwagika vibati vidogo vya mviringo, vya shaba, vimeota ukijani, vimeshikana kama sarafu zilizolowa.

Kila kimoja kilikuwa na tarakimu zilizopigwa kwa nyundo, na tundu juu la kupitishia kamba. Vibarua wakaruka kuviokota. Mmoja akasema shaba hiyo, leo tunalala tumeshiba. Mutua akachukua kimoja, akakisugua kwenye suruali, akapitisha ukucha kwenye lile tundu. Akanipa. Tundu halikuwa la duara tena. Lilikuwa limelika upande wa juu, limevutika kama tone la maji. Chuma hakiliki hivyo ndani ya debe. Kinalika hivyo kikining'inia kwenye kamba, siku baada ya siku, na mwenye kamba anatembea.

"Hivi vilivaliwa shingoni," Mutua akasema. "Nyanya yangu alikuwa akituambia. Wale wa kariakoo walifungwa namba kama ng'ombe."

Hapo nikakaa juu ya udongo.

Sasa sikilizeni, nyinyi wa nyama choma. Katika vita vya kwanza vya wazungu, Mwingereza na Mjerumani walipigania nchi hizi zetu, na hawakuwa na magari ya kutosha wala wanyama wa kustahimili mbung'o. Wakachukua watu. Hawakuwapa bunduki, waliwapa mizigo. Unga, risasi, makombora ya mizinga, machela za majeruhi, vyote vilipanda vichwani mwa watu, vikatembea mpaka Tanganyika. Kikosi hicho cha wapagazi kilikuwa na jina la Kiingereza, na babu zetu walivyolitamka, kariakoo au Kariokor, ndilo hilo mnalolisoma kwenye kibao mkienda kula. Kambi yao ilikuwa pale. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa baridi, kwa unga ulioiva nusu, na wakazikwa popote walipoangukia, kama walizikwa.

Babu yangu mzaa baba, Makokha, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepeleka jembe lake kwa mhunzi likanyooshwe. Askari wa chifu wakamkuta njiani, wakamfunga kamba pamoja na wengine, wakawaambia ni kazi ya miezi michache. Jembe lilirudishwa nyumbani na mhunzi. Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, aliachwa na mtoto mmoja mgongoni, ambaye ni baba yangu, na mwingine tumboni, ambaye ni shangazi yangu Rasoa. Jirani mmoja aliyerudi alisema alimwona Makokha Nairobi, kambini, amekonda, tumbo linamsumbua. Basi. Hakuna aliyeleta habari nyingine, wala serikali haikutuma mtu kusema huyu amekufa, poleni.

Kukhu akakataa kumlilia. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake, watu walie, mambo yaishe. Wazee walipokuja na mgomba aliwafukuza. Alisema mume wake hajafa, yuko kazini. Akakataa kurithiwa. Akakataa mjukuu yeyote kupewa jina la Makokha, kwa maana kwetu jina la babu hupewa mtoto babu akishakufa. Nilikuwa mdogo alipofariki, lakini nakumbuka siku mama alipojifungua ndugu yangu mdogo na mtu mmoja akathubutu kulitaja jina hilo. Kukhu alisimama mlangoni akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kuna mtu ameona maiti. Ndugu yangu akapewa jina la upande wa mama.

Ndiyo maana nilikaa chini pale mtaroni. Babu yangu hakuwa hadithi ya vita. Alikuwa shimo katikati ya boma letu ambalo kila mtu alijifunza kulizunguka.

Stima akaja. Nilimweleza vizuri, kwa heshima, na yeye alikuwa wa rika la wanangu. Nikamwomba asimamishe upande ule tu, siku moja, nikawaite watu wa ofisi inayotunza vitu vya kale. Akatazama saa.

"Mzee Wekesa, zege liko njiani. Unataka nilimwage barabarani kwa sababu ya makopo?"

"Hii si makopo, bosi," Mutua akasema kutoka chini. "Hii ni watu."

Stima akamwambia achimbe. Mutua akaweka mtaimbo chini. Vibarua wengine, hata wale waliotaka kuuza shaba, nao wakaweka vyao. Ikasikika tu misumeno ya maseremala. Stima akalegea kidogo, akaniambia haya, nenda kawaite, ukirudi bila mtu kazi inaendelea. Nikamwachia Mutua ulinzi wa debe.

Nilikwenda na matope yangu. Mlinzi wa ofisi ile alinisimamisha langoni muda mrefu kwa ajili ya viatu. Ndani nikamkuta bwana mmoja mwenye sauti laini. Nilimwonyesha kibati. Akakigeuza, akasema kinavutia sana. Neno hilo. Akaniambia mhusika yuko mkutanoni, niache namba ya simu, watatuma mtu. Nikamwambia lori la zege liko njiani. Akasema anaelewa. Nikamwambia ndani ya lile debe huenda yumo babu yangu. Akasema anaelewa. Vijana, jihadharini na mtu anayekuelewa bila kuinuka kitini.

Niliporudi Gikomba zege lilikuwa limeshamwagwa.

Stima hakungoja hata nifike mjini. Alileta vibarua wengine aliowaokota barabarani, watu wenye njaa ambao siwezi kuwalaumu, akawaamuru wasukume kila kitu ndani kiwe kifusi: sahani, debe, vibati. Mutua alisimama mbele yao. Wakamwondoa. Nilimkuta ameketi nje ya uzio, mdomo umevimba, kazi amefukuzwa. Nilipita nikaenda ukingoni mwa mtaro. Zege lilikuwa bado bichi, la kijivu, linang'aa kama uji uliopoa. Stima alikuwa upande wa pili akizungumza kwa simu, akicheka.

Nimefanya kazi na zege maisha yangu yote. Najua linachukua muda gani kuganda, najua bado ungeweza kulikoroga na kulitoa kama ungekuwa na watu na moyo. Niliwaita vijana wangu. Hawakunitazama. Kila mmoja alikuwa na nyumba ya kulipia na watoto. Nikaingia peke yangu na sepetu, zege likanifika magotini, nikaanza kutupa nje. Nilikuwa nikipiga kelele, wanasema, kwa Kibukusu, ingawa mimi sikumbuki. Wakanitoa wanne, wakinishika kwa adabu kama mnavyomshika mzee aliyelewa. Stima aliniambia angeweza kunishtaki. Nikamwambia anishtaki, tuulizwe mahakamani nilikuwa natafuta nini humo. Hakunishtaki. Aliniacha niendelee na kazi kesho yake, maana hakuwa na nyapara mwingine. Sikwenda. Ndiyo kazi pekee niliyoiacha katikati.

Leo pale kuna ghala la mitumba. Nimepita mara kadhaa. Marobota yanapakuliwa, mikokoteni inaingia na kutoka, watu wanatafuta riziki yao halali. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna hata jiwe moja mlangoni lenye maandishi. Mtu alifungwa namba akiwa hai, akaporwa jina, akafa, na miaka mingi baadaye, sisi tukijitawala wenyewe, akamwagiwa zege na mtoto wa nchi yake ili ghala lisichelewe. Mwingereza alimwona kama punda. Sisi tumemwona kama kifusi. Niambieni nani zaidi.

Jioni ile Mutua alinipeleka nyuma ya kibanda cha chakula, akavua gamubuti lake la kushoto, akaligeuza. Vikaanguka vibati, kiganja kizima. Alikuwa amevisokomeza humo walipokuwa wakimpiga. Unyayo ulikuwa umechubuka, unatoka damu. Akavipanga juu ya benchi pamoja na kile nilichorudi nacho ofisini, akavipangusa matope kwa kidole gumba.

"Chagua babu yako," akasema, "na mimi nichague wangu."

Alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka. Tulichagua hivyo hivyo, bila kujua. Vilivyobaki alivichukua, akavipeleka kwao Machakos kwa wazee. Sijui waliamua nini. Mutua alifariki kabla sijaenda kumuuliza.

Mimi nilipanda basi kwenda nyumbani. Shangazi Rasoa alikuwa bado hai, senge yetu, yaani shangazi kwa Kibukusu, kikongwe asiyeona vizuri lakini mwenye masikio ya paka. Familia ilikusanyika. Nilikiweka kibati mezani, nikaeleza yote. Ndugu yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema kwa busara kwamba hatuwezi kumzika mtu tusiyemjua. Hicho ni chuma chenye namba. Kinaweza kuwa cha Mkamba, Mmeru, Mnyamwezi, mtu yeyote. Wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Senge akaomba apewe kibati. Akakishika muda mrefu, akaliona lile tundu kwa ncha ya kidole.

"Mimi baba yangu sikumwona," akasema. "Naye hakuniona. Hata kama angerudi mzima akiingia mlango ule, ningeambiwa tu kwamba ni yeye, nami ningeamini. Basi niambieni."

Kisha ndugu yangu, yule mzee wa kanisa, akavua miwani, akamwinamia, akasema, "Senge, ni yeye."

Tulikata mgomba, tukaufunga kibati kwa kamba mpya, tukachimba kaburi. Nililichimba mimi, sikukubali kusaidiwa, na msiniulize kina chake kwa sababu nilichimba mpaka nikahisi inatosha. Senge alilia kilio cha mtoto mdogo, mwanamke wa karibu miaka tisini, anamlilia baba. Majirani waliokuja kwa udadisi waliondoka macho mekundu. Mwaka uliofuata mwanangu akapata mtoto wa kiume, akaitwa Makokha, na hakuna aliyesimama mlangoni.

Hasira haikuisha. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Nimsamehe nani? Aliyefunga kamba amekufa, Stima hajaniomba msamaha, na zege halina masikio. Hasira hii nimeamua kuitunza, kama mnavyotunza chombo cha kazi, msije mkadhani mambo yalikuwa sawa. Nanyi mkidunga mtaimbo ukatoa sauti msiyoijua, simameni. Upondeni udongo kwa vidole. Kama kuna mtu anawaharakisha, muulizeni kwa nini, tena mmuulize mkiwa wengi, kwa sababu mimi niliuliza tukiwa wawili.

Krismasi moja baada ya mazishi tulikuwa tumekaa nje, Senge kwenye kiti chake juani, simu yangu ikalia. Alikuwa yule bwana wa sauti laini, au mwenzake mwenye sauti kama yake. Alisema wanaandaa maonyesho kuhusu vita vile, wageni watakuja kutoka ng'ambo, na wameona kwamba niliwahi kuwaletea kibati. Wangefurahi sana kukipata. Wangekiweka ndani ya kioo, chenye taa.

Senge akauliza ni nani. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamweleza.

Alikuna goti lake.

"Mwambie tumeshamzika," akasema. "Kama wanamtaka, waje kwanza walie."

Nilimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Hawajaja.